Bei ya Fundi: Mizani ya Elimu ya Mitambo Mizito

Katika maswali ambayo kijana hujiuliza anapomaliza shule, ni machache yanayomsumbua kama hili: afuate elimu gani, na elimu hiyo itamlipa nini? Swali hili huzidi uzito kwa yule atakaye kujifunza kutunza na kutengeneza mitambo mizito, yaani matingatinga, magreda, makreni, matrekta makubwa na vichwa vya garimoshi. Masomo yake ni marefu, karo yake si ndogo, vifaa vyake ni vya thamani, na mwisho wa yote hayo hutoka na mikono yenye mafuta, hali mwenzake aliyesoma kwa kalamu peke yake ameketi mbele ya meza safi. Wazazi wake hushangaa kuona miaka minne ya chuo kikuu ikiishia chini ya trekta. Wala hawana kosa kushangaa. Fedha ni zao, na aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza maziwa yatatoka wapi.

Aghalabu swali hili hujibiwa kwa mizani yenye kitanga kimoja. Hutiwa humo karo, nauli, vitabu na miaka, kisha hulinganishwa na mshahara wa mwezi wa kwanza, na hukumu hutolewa hapo hapo. Lakini historia ina kitanga cha pili, nacho hutiwa kitu ambacho mwanafunzi hakioni wala mzazi hakihesabu: gharama ya kukosekana kwa fundi mwenyewe. Insha hii yataka kuvipima vitanga vyote viwili. Mfano wake mkubwa ni mradi wa karanga wa Tanganyika, uliobuniwa mwaka 1946 na kuachwa mwaka 1951, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo bei ya kutojua mitambo ilihesabiwa kwa fedha nyingi na kwa uwazi kama pale.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na dhiki ya mafuta ya kula. Watu wake waligawiwa mafuta kwa kipimo, na serikali yake haikuwa na dola za kutosha kununua kwingine. Mwaka 1946 Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika nyika za Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe chini ya John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa majuma machache, ukarudi na hesabu ya kupendeza macho: ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, kwa gharama ya paundi milioni 24 hivi katika muda wa miaka sita. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliuunga mkono mradi, na mapema mwaka 1947 watu wa kwanza wakapiga hema zao Kongwa, katika nchi ya Ugogo.

Hesabu ile ilikuwa na ekari, tani na paundi. Ila katika mawazo ya waliouharakisha mradi, trekta lilihesabiwa kama jembe: hununuliwa, hukabidhiwa mtu, naye hulima. Lakini trekta la minyororo si jembe. Mpini wa jembe ukivunjika, mpini mwingine umo msituni. Pini moja ya mnyororo wa trekta ikikatika, tani kadhaa za chuma husimama zisiweze kufanya hata kazi ya jembe moja, na pini ya badala yake iko ng'ambo ya bahari. Jembe humtaka mtu mmoja tu, naye ni mwenye kulishika. Trekta humtaka dereva, na nyuma ya dereva fundi wa grisi, na nyuma yake fundi wa injini, na nyuma yake mtunza ghala la vipuri, na nyuma ya wote mtu wa kuhesabu saa za kazi na kujua ni kipi kitakachokufa kabla hakijafa. Huo ni msafara mrefu, na pale Kongwa alifika dereva kabla ya wenzake.

Matrekta mapya hayakupatikana kwa wakati. Viwanda vilikuwa vimetoka vitani, na dunia nzima ilikuwa ikingoja mlangoni pake. Basi wanunuzi walikwenda kutafuta mashine kuukuu zilizoachwa na majeshi, nyingine Misri, nyingine Ufilipino, zilizokuwa zimepigwa na jua na mvua bila kutunzwa. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza nayo ilitwaa vifaru vya vita vya aina ya Sherman ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Waswahili husema, rahisi ni ghali. Na katika mitambo neno hili ni sheria kuliko methali. Mashine iliyotumika huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu sehemu ya bei yake imefichwa ndani ya injini, nayo hudaiwa baadaye, tena hudaiwa porini, mahali ambapo mdai hana huruma.

Safari ya mashine hizo haikuwa nyepesi. Bandari ya Dar es Salaam haikujengwa kwa shehena kubwa namna ile, na Reli ya Kati ilikuwa njia moja tu iliyofurika mizigo. Mvua za mwaka 1947 zikaleta mafuriko yaliyoikata reli yenyewe. Matrekta yaliyofika yaliingizwa kazini bila kungojea karakana kamili, vipuri vya kutosha wala mafundi wa kutosha. Yalipelekwa kung'oa kichaka kizito, chenye mizizi iliyosukana chini ya ardhi kama kamba za mkeka, na mibuyu iliyokuwa imesimama tangu kabla ya serikali zote. Kabla mwaka ule haujakwisha, inasimuliwa kwamba theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa zilikuwa hazifai kazi. Mwaka wa kwanza ulikuwa umekusudiwa kutoa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Hapa msomaji makini atakatiza maneno na kusema kwamba mradi wa karanga haukuuawa na matrekta bali na mvua na udongo. Kauli hiyo ni ya kweli, na haifai kuificha. Mvua za Kongwa si za kuaminika, na Wagogo waliokaa pale kwa vizazi vingi walilijua jambo hilo bila ya kipimo cha mvua. Udongo wake una mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, hata karanga zilizokomaa haziwezi kuchimbuliwa. Hata kama kila trekta lingekuwa jipya na kila fundi hodari, mvua isingenyesha kwa heshima yao.

Walakini hoja hii ina sehemu ya pili ambayo husahauliwa. Udongo husema kwa njia nyingi, na njia mojawapo ni chuma. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga mkali uliokula vyuma kama tupa. Visahani vya plau na meno ya mashine za kung'olea vililika upesi kuliko ilivyotazamiwa. Kwa mtu asiyejua, kisahani kilicholika ni hasara ya shilingi kadhaa, nacho hutupwa jalalani. Kwa fundi aliyesoma, kisahani hicho ni barua. Humwambia kwamba ardhi hii ni ngumu kuliko ilivyoandikwa katika ripoti, kwamba hesabu ya vipuri imekosewa, kwamba gharama ya ekari moja haitakuwa ile iliyotajwa London, na kwamba afadhali kazi isimame mashamba yakiwa machache kuliko kungoja yawe mengi. Barua za namna hiyo zilikuwa zikifika Kongwa kila siku tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Lililopungua ni cheo cha mtu wa kuzisoma, na sikio la wakubwa waliokuwa mbali. Fundi asingeleta mvua, lakini angeweza kuleta habari. Na habari ikija mapema hupunguza hasara kuliko ushujaa unaokuja mwisho.

Mwaka 1948 kazi ilitoka mikononi mwa United Africa Company ikatiwa chini ya shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Kazi ilienezwa pia Urambo, upande wa magharibi, na Nachingwea, upande wa kusini, ambako bandari mpya ya Mtwara na reli mpya vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Reli ile ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, na paundi zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Hesabu ya kwanza ilikuwa milioni 24 kwa kupata ekari milioni tatu na zaidi. Hesabu ya mwisho ikawa milioni 36 kwa kupata funzo.

Tuulize sasa: mafundi walikuwa wapi? Watu wenye akili ya mashine hawakukosekana. Vijana wa Afrika Mashariki waliorudi kutoka vita vya Burma walikuwamo walioshika usukani wa magari ya jeshi na kujua spana kwa majina yake. Katika Kongwa wenyeji wengi walijifunza kuendesha mitambo mikubwa kwa muda mfupi. Lakini mlango uliokuwa mbele yao ulikuwa na kizingiti. Katika Tanganyika ya wakati ule kazi na mshahara vilipimwa pia kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Mwafrika aliweza kuwa dereva, au msaidizi wa fundi, au mbeba vyuma. Kufika mahali pa kusema "mashine hii isinunuliwe" ulikuwa ni mlima usio na njia. Basi nchi iliyokuwa na mikono ilinyimwa elimu ya kuifanya mikono hiyo iwe na sauti.

Kizingiti hicho hakikuanza Kongwa. Makerere yenyewe, ambayo leo hutajwa kwa fahari ya usomi, ilianza mwaka 1922 kama shule ndogo ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Huko Kenya, chuo cha ufundi cha Kabete kilianzishwa mwaka 1924 kwa kuwafunza Waafrika kazi za mikono. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, Makerere ilipanda kuelekea kalamu, na nyundo ikaachwa nyuma katika vyuo vingine. Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalum na Chuo Kikuu cha London, na watu wakaisifu kwa kupanda daraja. Ilistahili sifa, lakini katika kupanda kule paliachwa wazo moja baya, nalo ni kwamba kuendelea katika elimu ni kuiaga karakana. Aliyeshika nyundo alionekana kuwa ni yule aliyeshindwa kushika kalamu. Wazo hilo lilikuwa la serikali ya kikoloni kwanza, kisha likawa la wazazi wetu, kisha likawa letu wenyewe, hata leo tunalipokea kama urithi bila ya kuuliza nani alikufa tukalirithi.

Baada ya Kongwa mambo yalianza kugeuka, ijapokuwa polepole. Shule ya ufundi ya Ifunda, karibu na Iringa, ilianza mwaka 1951 mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Mwaka 1957 ilifunguliwa taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ya leo. Nairobi ilikuwa na chuo chake cha kifalme cha ufundi tangu mwaka 1956. Na katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu toka mwaka 1963 hadi mwaka 1970, masomo ya uhandisi yaliwekwa Nairobi, kama vile udaktari ulivyowekwa Makerere na sheria Dar es Salaam. Tanzania ilipata Kitivo chake cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na katika mpango wake wanafunzi walitakiwa kwenda viwandani na kwenye karakana kati ya mwaka mmoja wa masomo na mwingine. Sharti hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyoonekana: lilikuwa ni jaribio la kuirudisha nyundo mezani pa kalamu.

Jaribio jingine, kubwa zaidi, lilifanyika njiani baina ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Reli ya Tanzania na Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa toka mwaka 1970 hadi mwaka 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa kwa nchi mbili hizi mwaka 1976. Waliopanga reli ile walifanya jambo ambalo wa Kongwa hawakulifanya: waliihesabu shule kuwa ni sehemu ya mashine. Reli ikiwa bado yajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusoma kazi za reli. Karakana kubwa zilijengwa Dar es Salaam na Mpika, na chuo cha mafunzo kikawekwa huko huko Mpika, upande wa Zambia. Mashine na mwalimu wa mashine walisafiri pamoja.

Je, hasara ilikoma? Haikukoma. Vichwa vya kwanza vya dizeli vilivyotoka China vilionekana kuwa na nguvu haba kwa miinuko mikali iliyo kati ya Mlimba na Makambako, na katika miaka ya 1980 ilibidi vichwa vingine viletwe kutoka Ujerumani. Wakati huo huo nchi zote mbili ziliingia katika dhiki ya fedha za kigeni, na kipuri ambacho fundi alikijua kwa jina na kwa namba hakikununulika. Fundi aliyesoma asiye na kipuri ni kama tabibu asiye na dawa: huujua ugonjwa, huujua mwendo wake, na huweza kutaja siku ya kifo. Hii ndiyo sababu hatuwezi kumwambia kijana kwamba elimu peke yake ni dawa ya kila kitu. Kongwa ilionyesha mashine bila ya fundi. Reli ile ilionyesha kwamba fundi naye hutaka ghala, na ghala hutaka fedha, na fedha hutaka serikali na mashirika yasiyokata kwanza fungu la matengenezo kila bajeti inapopungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na fungu la matengenezo ndilo udongo wa kuzibia.

Tumeviona vitanga vya taifa. Tugeukie sasa mfuko wa mwanafunzi mwenyewe, maana hakuna haki katika kumsifu fundi kwa faida ya nchi na kumwacha yeye na deni. Tufanye kwamba vijana wawili walimaliza shule siku moja. Wa kwanza alisoma ufundi wa mitambo miaka miwili akaingia karakana. Wa pili alisoma miaka minne akachukua shahada. Huyu wa pili amelipa karo ya miaka miwili zaidi, na amekosa mishahara ya miaka miwili ambayo mwenzake ameipokea. Tuseme kwamba karo hiyo na mishahara hiyo pamoja ni sawa na mshahara wa miaka mitatu wa mwenzake. Ikiwa shahada yampa mshahara unaouzidi wa mwenzake kwa robo, itampasa kufanya kazi miaka 12 ndipo amfikie. Ikiwa unauzidi kwa nusu, miaka 6. Na ikiwa hauuzidi kitu, hatamfikia milele. Ikiwa karo ilikopwa kwa riba, kila muda uliotajwa huongezeka.

Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini yafundisha jambo la hakika: faida ya shahada haimo katika karatasi yake, imo katika tofauti ya kazi ambayo mwenye karatasi aweza kuifanya na mwenzake hawezi. Mwenye shahada akitoka chuoni akapewa spana ile ile ya mwenzake, kwa kazi ile ile, mwajiri hana sababu ya kumlipa zaidi. Tena mwenzake mwenye miaka miwili ya mazoea humshinda mbele ya injini, na wafanyakazi wote hulijua hilo kabla ya saa sita mchana. Kwa sababu hiyo wako vijana wengi ambao njia fupi ndiyo njia yao iliyo bora, na si dharau kuwaambia hivyo. Migodi ya dhahabu iliyofunguliwa Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 iliagiza malori na makatapila makubwa kwa wingi, na makampuni ya migodi yakashirikiana na VETA kuanzisha Moshi mafunzo ya ufundi ambayo ndani yake mwanafunzi husoma kwa muda na kufanya kazi mgodini kwa muda. Kijana wa mafunzo kama hayo huingia kazini akiwa ameshazoea mlio wa mashine, na hana deni la miaka minne.

Basi shahada ni ya nini? Ni ya kazi zile ambazo Kongwa ilizikosa kuliko zote. Kuna kazi ya kuchagua: mashine ipi yafaa kwa udongo upi, na ipi iachwe hata ikiuzwa kwa bei ya maji. Kuna kazi ya kuhesabu: vipuri vingapi viwekwe ghalani, injini ifunguliwe baada ya saa ngapi, na ni lini gharama ya kutengeneza inapopita thamani ya chombo. Na kuna kazi ya kusema: kusimama mbele ya wakubwa wenye haraka na kuwaambia kwa tarakimu kwamba haraka yao itakula fedha yao. Spana haifundishi kazi hizi peke yake, wala kitabu hakizifundishi peke yake. Mtu aliyejaa nadharia bila ya kuchafuka mikono huhesabu sawa juu ya mashine asiyoijua. Na mtu aliyejaa mazoea bila ya hesabu huijua mashine lakini hawezi kuitetea mbele ya mwenye fedha.

Utaratibu unaoelekea kuwa na hekima ni ule unaoiweka mikono kwanza na karatasi juu yake. Marekani, nchi yenye viwanda vikubwa vya mitambo hii, imekuwa na mfano wake: Chuo Kikuu cha Ferris State, katika jimbo la Michigan, kilipanga masomo ya mitambo mizito kwa ngazi mbili, miaka miwili ya ufundi wenyewe, kisha miaka miwili ya juu inayokamilisha shahada. Mwanafunzi aweza kutoka katika ngazi ya kwanza akafanya kazi, na aweza kuendelea. Faida ya mpango kama huo ni kwamba anayeamua kulipa gharama ya shahada hulipa akiwa amekwisha kujua analipia nini. Hanunui mbuzi ndani ya gunia.

Tena kuna jambo ambalo kijana wa miaka ishirini halihesabu, nalo ni mwili. Kazi ya mitambo mizito ni kuinama, kuinua, kupanda, kulala chini na kukaza kwa nguvu, juani na usiku. Mgongo wa miaka ishirini huiona kazi hiyo kuwa mchezo. Mgongo wa miaka hamsini huidai kila asubuhi. Fundi mwenye shahada, au mwenye ngazi ya kuipandia, ana mahali pa kuhamia nguvu zinapopungua: penye hesabu, penye ukaguzi, penye kufundisha. Asiye na ngazi hubaki chini ya chombo mpaka chombo au yeye mmoja wao akatae. Thamani hii haionekani katika mshahara wa mwezi wa kwanza, lakini ni sehemu ya malipo, na pengine ndiyo kubwa.

Kutokana na yote tuliyoyapima, hukumu yangu ni hii. Bei ya elimu ya matengenezo hulipwa daima. La kuchagua ni nani ailipe na lini. Ikilipwa mapema, hulipwa kwa karo na miaka, na mlipaji huijua. Isipolipwa mapema, hulipwa baadaye kwa chuma kilichosimama, kwa ekari zisizolimwa, kwa treni zisizokwenda, na mlipaji huwa ni umma mzima, ambao haukuulizwa. Kwa kuwa faida kubwa ya fundi aliyesoma hurudi kwa taifa kuliko kwake mwenyewe, si haki gharama yote iwe juu ya kijana na wazazi wake. Taifa lichukue sehemu yake, na waajiri wachukue yao, kwa kufungua karakana zao kwa wanafunzi na kwa kuwapa mafundi cheo cha kusikilizwa. Na kijana naye, kabla hajaandika jina lake katika daftari la chuo, aulize mambo matatu: je, chuo hiki kitaichafua mikono yangu? Je, baada yake iko kazi ya kuchagua, kuhesabu na kusema, au iko spana peke yake? Na je, naweza kuanza kwa ngazi fupi na kupanda baadaye? Akipata majibu mema, gharama ni njema hata ikiwa kubwa. Akikosa, aanze na njia fupi, asione haya. Fundi mwema wa miaka miwili ni bora kuliko msomi wa miaka minne ambaye mashine haimjui.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga walisema hivyo juu ya vyombo vya bahari, wakatukumbusha mkono wa mwundaji. Lakini kila nahodha ajua kwamba chombo kilichoundwa mwaka jana na kisichotiwa kalafati mwaka huu hakitaelea mwaka ujao. Aliyeunda hupewa sifa siku ya kushua. Anayetia kalafati hufanya kazi yake chombo kikiwa kimelazwa mchangani, watu wakiwa wamekwenda zao. Nchi zetu zimeshua vyombo vingi tangu uhuru, na zingali zikishua. Wingi wa vitakavyobaki juu ya maji utategemea ni vijana wangapi tutakaowaelimisha, na kuwaheshimu, kwa kazi hii ya mchangani.